Nyota Nne za Kapteni Cheche

Utasema nimetia chumvi, na mimi sitabishana na wewe. Lakini watu zaidi ya laki mbili waliona kwa macho yao mwanaume mmoja amelala kwenye matope dakika nne nzima, yu hai, bunduki mkononi, mvua inampiga usoni, na wenzake watatu wanampita hatua tano tu kutoka alipo bila hata mmoja kugeuza shingo. Matope yenyewe yalikuwa ya kwenye gemu. Aibu ndiyo haikuwa ya gemu. Ngoja nianze vizuri.

Kuna dada mmoja, ofisini wanamwita Kiwembe. Kazi yake ilikuwa kuhakiki magemu kwenye tovuti ya burudani, moja ya zile ambazo ukizifungua kwenye simu unapita kwanza matangazo matatu ya mafuta ya nywele ndiyo unaifikia habari. Jina la Kiwembe hakujipa. Aliwahi kuandika kuhusu gemu la mbio za magari kwamba gari lenye akili kuliko yote lilikuwa lile lililoegeshwa kando ya barabara, na tangu siku hiyo wasomaji wakikutana naye wanamuuliza, leo umemkata nani.

Bosi wake, Mhariri, naye ana jina la utani ila halitamkwi mbele yake: Nyota Tisa. Gemu likija zuri, nyota tisa. Likija bovu, limejitahidi, nyota tisa. Kumi hatoi, anasema kumi ni ya Mungu. Chini ya nane hatoi pia, kwa sababu, kama anavyopenda kusema huku anafuta miwani kwa ncha ya tai, watu wa kampuni nao wana mama zao.

Nyumbani Kiwembe anaishi na mama yake na kaka yake. Kaka ndiye mkubwa, fundi wa kuchomelea mageti, mikono yake imejaa vialama vya moto mpaka ukimshika ni kama umeshika msasa. Ni kiziwi. Homa ilimpata ana miaka mitatu, na ilipoondoka iliondoka na masikio yake. Sauti anayo, lakini alichekwa nayo darasa la pili, akaifungia kabatini, na ufunguo hajawahi kumwonyesha mtu. Pale kwao wote wanaongea kwa ishara, hata Mama, ambaye akikasirika mikono yake ina kelele kuliko mdomo wa mtu yeyote mtaani. Kaka anamwita dada yake kwa kugonga kiganja kwa kidole gumba mara mbili, haraka haraka. Maana yake, yule wa simu.

Sasa, miaka miwili na kitu nyuma lilitoka gemu linaitwa Kikosi Kimoja. Wanajeshi wanne, na kila mwanajeshi ni mtu halisi aliyekaa kwake, wengine hata hawajuani. Mnatumwa kuokoa mateka, kulipua daraja, kutoroka na lori. Mmoja akianguka lazima mwingine aende akamwinue, la sivyo wote mnarudishwa mwanzo kama watoto waliokosea mstari. Na kitu kilichofanya watu walipende ni kwamba wanajeshi wale waliongea kwa mikono. Unabonyeza kitufe, linatokea gurudumu la ishara, unachagua. Ngumi juu, simameni. Vidole viwili machoni, namwona adui. Kiganja kifuani, nimeanguka, niinue.

Siku ya kwanza kaka alipoona vile alicheka mpaka akakaa chini. Akamwambia dada yake kwamba lafudhi yao ni mbaya, wanaongea kama watoto wa chekechea, lakini wanaeleweka. Akajisajili kwa jina la Cheche. Miezi mitatu baadaye alikuwa na kikosi chake: mwuguzi mmoja wa zamu, fundi friji mmoja mwenye bahati mbaya ya kukanyaga kila bomu, na mama mmoja mwenye duka la vitambaa ambaye risasi zake hazikosi. Kila Jumapili mchana, baada ya chakula, wanaingia. Nao watatu wakamfanya kapteni. Walidhani ni mtu wa maneno machache, basi. Miaka miwili wanapokea amri za Kapteni Cheche na hakuna aliyejua kwamba hasikii. Kaka hakuwadanganya, hawakuuliza tu. Kiwembe alimwuliza mara moja kwa nini asiwaambie, akajibiwa kwamba kila mahali pengine duniani yeye ni kiziwi kwanza, halafu ndiyo fundi, halafu ndiyo mtu. Pale ni kapteni tu. Amwache hapo.

Kwa hiyo ilipotangazwa kwamba inakuja sehemu ya pili, Kikosi Mbili, nyumba ile ilikuwa kama inasubiri harusi. Kikosi kizima cha kaka kiliapa kuhamia huko siku ileile litakapotoka, Ijumaa.

Kampuni ina utaratibu wake. Wiki moja kabla gemu halijaingia sokoni, kila mhakiki anatumiwa namba ya kulifungulia. Namba moja, mtu mmoja. Na kwa kuwa huko nje hakuna mwingine aliyenalo, wale wenzako watatu unapewa roboti, ambazo hutoweka mara mtu wa pili anapoingia. Lakini Kiwembe alitumiwa namba mbili. Ya pili ilikuwa ya mhakiki aliyemtangulia, ambaye siku hizi anauza bima, ila jina lake halijafutwa kwenye orodha. Kiwembe akabeba mashine ya ofisi mpaka nyumbani, akaiweka kando ya ile ya kaka kwenye meza ya kulia, Mama akahamishia sahani zake jikoni huku akinung'unika kwa mikono yote miwili, na Jumamosi asubuhi wakaanza.

Hawakumaliza hata nusu saa. Gurudumu la ishara halikuwepo. Kaka alibonyeza kitufe kile cha zamani, mwanajeshi wake akakohoa. Akabonyeza tena, akakohoa tena. Kumbe kampuni imeamua kwamba sasa ni sauti tu. Unaongea, gemu linasikia, wenzako wanasikia. Hata pa kuandikiana pameondolewa, eti vitani hakuna kuandikiana barua. Na ukianguka unatakiwa useme niko chini. Gemu likisikia sauti yako ndiyo alama nyekundu inawaka kwa wenzako. Usiposema, haiwaki, na kwao wewe ni sehemu ya matope.

Kaka alianguka mara sita siku ile. Kiwembe alimwinua mara zote sita kwa sababu alikuwa amekaa kando yake, anachungulia skrini ya kaka ajue yuko wapi. Mara ya saba kaka aliweka padi ya kuchezea mezani taratibu, kama mtu anayerudisha kikombe kwenye kabati la wenyewe, akauliza: Jumapili ijayo nitawaambia nini wenzangu?

Alichokuwa nacho Kiwembe ni simu, na hasira. Akaandika uhakiki mkali kuliko wote aliowahi kuandika. Akasema mvua ya humo ni nzuri, matope ni mazuri, bunduki zinapiga kelele kama zimelipwa, lakini hili si gemu la kushirikiana, ni gemu la kupiga makelele. Akaeleza lote la kuanguka na kutoonekana. Nyota tatu. Akatuma Jumatatu.

Alhamisi asubuhi, yuko foleni ya chai pale chini ya ofisi, simu ikatetemeka. Ujumbe kutoka kwa kaka, kutoka karakana. Hakuandika salamu. Alikuwa amenakili sentensi moja, na mbele yake ameweka alama ya kuuliza. Sentensi yenyewe: "Sauti yako sasa ndiyo silaha yako, na hakuna tena mikono inayopungapunga kama waongoza magari."

Kiwembe akaifungua tovuti. Nyota tisa. Jina lake chini, picha yake pembeni anatabasamu, na maneno hata moja si lake.

Ngazi za ofisi ile ni ghorofa tatu, alizipanda bila kupumua. Mhariri alikuwa anafuta miwani. Hakukana, wala hakuona haya. Akasema aliirekebisha kidogo, akamgeuzia kompyuta. Alikuwa amepanga pale wahakiki wengine kumi na wawili, wa tovuti kubwa na ndogo, na nyota zao: tisa, tisa, nane, tisa na nusu, tisa. Mmoja ameandika kwamba ushirikiano wa humo umemtoa machozi.

"Kumi na wawili wote ni wajinga," Mhariri akasema, "mwenye akili ni wewe peke yako?"

"Wote kumi na wawili walicheza peke yao, bosi."

Mhariri akamwangalia kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu ambacho hakukusudia kununua. Kiwembe akamfafanulia. Namba moja, mtu mmoja. Wenzako ni roboti, na roboti haihitaji kuitwa. Ukianguka inakuja mbio, inakuinua, inakupongeza kwa ushujaa wako. Watu wazima kumi na wawili wamejifungia kila mmoja chumbani kwake, wamecheza gemu la watu wanne na mashine zinazowabembeleza, halafu wametoka wanatangazia dunia kwamba ushirikiano ni wa kutoa machozi. Ni kama mtu ale mezani peke yake, halafu asifu maongezi.

Mhariri akafikiri. Kisha akasema vizuri sana, kumbe tatizo ni kucheza peke yako, basi kesho hatuchezi peke yetu. Ijumaa saa tisa alasiri, laivu, kwenye ukurasa wa ofisi, watu wanne: yeye, Kiwembe, mjumbe wa kampuni ambaye alikuwa anakuja kwa hafla ya uzinduzi, na mtu mmoja wa kujazia. Kiwembe alete yeyote, ila aje anatabasamu. Na pale pale, kabla hata hajafika kwenye kiti chake kando ya ile mashine ya maji inayokohoa, Kiwembe alishajua atamleta nani.

Nataka uelewe hapa. Hakumwambia kaka mpango wake. Alimwambia tu ofisini wanahitaji mtu wa nne. Kaka alikuwa bado hajamsamehe ile sentensi ya waongoza magari, hata baada ya kuelezwa nani aliiandika. Akauliza mambo mawili. La kwanza, je, ataonekana? Kiwembe akajibu kamera inaangalia skrini. La pili, nikianguka? Kiwembe akajigusa kifua: nitakuinua mimi.

Ijumaa kaka alikuja amevaa shati la kupigia picha za paspoti. Chumba cha mikutano kilikuwa kimesukumwa meza ukutani, viti vinne vimepangwa mbele ya skrini nne, taa mbili za kung'aa zinachemsha kila mtu kichwa. Mpiga picha wa ofisi alimsalimia kaka kwa mdomo, kaka akampa mkono, ikapita hivyo. Mjumbe wa kampuni alikuwa kijana mchangamfu mwenye fulana ya Kikosi Mbili iliyokunjuliwa juzi tu, mistari ya kukunjwa bado inaonekana. Akawavisha wote hedifoni zenye kimaiki. Kaka naye akavaa. Zilimkaa vizuri.

Wakaingia. Juu ya kichwa cha kila mwanajeshi kuna jina lake, na juu ya wa kaka liliandikwa Cheche, kwa sababu alifungua kwa akaunti yake ileile ya miaka yote. Kiwembe aliliona jina lile. Baadaye alijiuliza mara nyingi kama aliliona kweli, au aliliangalia tu.

Dakika kumi za kwanza zilikuwa raha. Mhariri alikuwa anapiga risasi hewani na kujipongeza. Mjumbe anaongea kwa watazamaji, anawaonyesha mvua. Kaka alikuwa anatangulia mbele, anasafisha njia, na wale wawili hata hawakujua ni nani anayewaweka hai. Watazamaji elfu sita. Wakafika darajani. Mtu mwenye bunduki ya mbali alikuwa amejificha upande wa pili, akampiga kaka.

Kaka akaanguka kwenye matope.

Kiwembe alikuwa hatua saba kutoka pale. Alijua alipoanguka. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kukimbia. Na hapo ndipo akafanya alichokuja kukifanya: hakubonyeza. Akamgeuza mwanajeshi wake akampita kaka yake kama anapita jiwe. Mhariri akapita. Mjumbe akapita. Dakika ya kwanza ikaisha. Wakasimama mwisho wa daraja, gemu linawakatalia kuendelea kwa kuwa kuna mwenzao amebaki, na alama nyekundu haijawaka popote. Mjumbe akaanza kuzunguka akitafuta. Alipita juu ya miguu ya kaka mara mbili.

Kaka akamgeukia dada yake. Kiwembe akakaza macho kwenye skrini. Dakika ya pili. Kaka akabonyeza kile kitufe cha zamani, na mwanajeshi wake akakohoa kwa chini chini kwenye matope. Dakika ya tatu. Kaka akaachia padi, akainua mkono wake mwenyewe, ule wa msasa, akauweka kiganja kifuani, akimwangalia dada yake. Nimeanguka. Niinue.

Mpiga picha aliona. Kazi ya mpiga picha ni kuona. Akaigeuza kamera kutoka kwenye skrini, akaijaza kwa uso wa kaka.

Mjumbe akacheka kidogo kwenye maiki yake, kwa upole kabisa. "Ndugu yetu asione aibu. Mwambie aseme tu, niko chini."

Na Kiwembe akatoa lile neno alilokuwa amelifanyia mazoezi bafuni asubuhi nzima. "Kaka yangu ni kiziwi. Hilo neno hawezi kulisema kwa namna gemu lenu linavyotaka. Dakika nne yuko hapo, na sisi sote tumempita. Na mmelipatia nyota tisa."

Kisha Mhariri akaruka na kuzima. Kaka alivua hedifoni, akaziweka juu ya kiti, akamwinamishia mpiga picha kichwa kama mtu anayeaga msibani, akashuka ngazi.

Ungedhani Kiwembe alimkimbilia. Alitaka. Ila simu ilikuwa imeanza kutetemeka na haikuacha. Ile laivu ilikuwa imebaki kwenye ukurasa wa ofisi, na nywila ya ukurasa alikuwa nayo yeye. Elfu ishirini. Elfu sabini. Watu waliwaka. Wakawatafuta wale wahakiki kumi na wawili mmoja mmoja wakiwauliza, wewe ulicheza na nani? Yule wa machozi akafuta aliyoyaandika. Mwingine akashusha tisa ikawa tano bila hata kusema samahani, kama mtu anayerudisha kitu dukani mwenye duka akiwa ameinama. Kiwembe alirudi nyumbani jioni anaelea. Mlango wa kaka ulikuwa umefungwa, na kumgongea mlango kiziwi ni kazi bure, huwa anawashiwa taa. Aliwasha. Ikazimwa kutoka ndani.

Jumamosi saa nne asubuhi mjumbe wa kampuni akapiga. Wamekaa kikao. Ishara zinarudi. Gurudumu lote, na nyingine mpya. Ila wangependa kutangaza kwa kuitumia video ile, pale kaka anapoweka mkono kifuani, kwa sababu uso wake unagusa watu. Na wangependa mahojiano naye, mafupi, akieleza maisha yake. Bila yeye, mjumbe akasema, hajui, wakubwa watataka kulitazama tena, itachukua muda. Hata hajakata vizuri, Mhariri akapiga. Nyota Tisa huyu huyu. Sauti imejaa asali. Anasema alijua tangu mwanzo kwamba ile ni habari kubwa, ameshatafuta muziki wa kuweka chini, wa kinanda, wa huzuni kidogo, Kiwembe amlete kaka Jumatatu na avae nguo za kazi.

Kiwembe alikwenda karakana moja kwa moja, anatembea huku anatazama namba. Laki mbili na elfu kumi na nne. Alimkuta kaka anamalizia geti, miwani myeusi usoni, cheche zinaruka. Akasubiri. Kaka alikiona kivuli chake sakafuni, akaendelea mpaka mshono ulipoisha, akaugonga kwa nyundo kuondoa magamba, akaukagua, ndiyo akavua miwani.

Kiwembe akamweleza yote kwa mkupuo, mikono inagongana. Wamekubali. Ishara zinarudi. Tumeshinda.

Kaka akauliza nani ameshinda. Kisha akatoa simu yake mfukoni, akamwonyesha. Mwuguzi ameandika: Kapteni, pole sana, hatukujua, Mungu akutie nguvu. Fundi friji ameandika: Pole kaka, sisi tuko na wewe, kesho usijisumbue na uongozi, pumzika, tutakulinda. Miaka miwili, kaka akasema, hawajawahi kuniambia pole. Nikifa nao wanakufa, wananitukana, nawatukana. Leo wanataka kunilinda. Mimi.

Mama wa duka la vitambaa hakuwa ameandika kitu.

Kiwembe akajitetea. Akasema ni gemu ndilo lililomwacha, ni kampuni, ni wale kumi na wawili waliocheza peke yao. Kaka akamkamata mikono yote miwili, ambayo kwao ni sawa na kumziba mtu mdomo, na hajawahi kumfanyia hivyo tangu wadogo. Akaiachia ndiyo akaongea.

"Wao hawakujua nilipo. Wewe ulijua." Akamnyooshea kidole. "Na wewe ulicheza peke yako."

Kiwembe akaangalia chini. Kulikuwa na vipande vya waya wa kuchomelea, aliviangalia sana.

"Futa," kaka akasema.

Kiwembe akamwuliza, na ishara je? Zisiporudi? Kaka akajibu kwamba zikirudi kwa mtindo ule zitarudi na sura yake kwenye matope, na kila atakayemwonyesha ngumi ya simameni atasema, aa, ni yule. Afadhali akohoe. Futa.

Kwa hiyo Kiwembe akafuta. Laki mbili na ushee, kidole kimoja, gemu lenyewe linachukua muda mrefu kuliko hivyo kufunguka. Simu ikaanza kuita hapo hapo, Mhariri, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya saba. Akaiacha iite. Akamwuliza kaka, sasa wewe ungesema nini? Kwa sababu ule uhakiki wa nyota tisa bado upo, una jina langu, na watu bado wanausoma.

Kaka akajifuta vidole kwenye suruali, akachukua simu ya dada yake. Akaandika taratibu, gumba moja, anafuta, anaandika tena. Kisha akamrudishia. Hakuna kiziwi humo, hakuna pole. Yalikuwa hivi:

"Nimecheza mara mbili. Daraja limejengwa vibaya, mshono wa katikati usingebeba lori, lakini mvua ni nzuri sana. Najua kwa sababu nililala chini dakika nne nikiitazama. Hakuna aliyenijia. Kikosi Kimoja kilinifundisha kwamba kapteni ni yule anayerudi kuchukua mtu. Hiki hakijui kurudi. Nyota nne, moja kwa kila dakika. Cheche, fundi."

Kiwembe aliisoma mara tatu. Akafungua ukurasa wa ndani wa tovuti, akatoa yale maneno ya Mhariri, akatoa jina lake, akatoa picha yake inayotabasamu, akaweka ya kaka yalivyo. Alijua akibonyeza Chapisha, Jumatatu hana ofisi. Akabonyeza.

Ilikaa hewani dakika arobaini. Jumatatu kwenye kiti cha kando ya mashine ya maji kulikuwa na mtu mwingine, na Kikosi Mbili kina nyota zake tisa kama mwanzo. Ishara mpaka leo hazijarudi, kampuni inasema inalitazama. Ila Jumapili ile, baada ya chakula, simu ya kaka iliwaka. Alikuwa mama wa duka la vitambaa, ndiyo kwanza anaandika: "Kapteni, hiki kipya ni takataka, nimekirudisha. Tunaingia lile letu saa ngapi? Na mwambie fundi friji akikanyaga bomu leo simwinui." Wakaingia. Wanaingia mpaka leo. Kiwembe huwa anakaa nyuma ya kaka anaangalia, maana hajaombwa kushika padi.

Watu wengi wakisikia habari hii wanabishania kufuta, eti alipaswa au hakupaswa. Mimi hapo sina neno. Langu ni la nyuma kidogo, pale darajani. Umemwahidi kaka yako utamwinua. Yuko hatua saba. Ukimwinua dakika ya kwanza hakuna atakayejua kitu, gemu litaendelea, Nyota Tisa atapiga makofi, na uongo wa watu kumi na watatu utasimama kama ulivyo. Usipomwinua, dunia nzima itaona. Kidole chako kiko juu ya kitufe, na yeye ameshaanza kugeuka akutazame.

Ungebonyeza?